Mheshimiwa Asiyeingia Mlangoni

Nakutegea kitendawili, mjukuu wangu, na usijibu upesi. Kila Jumanne anaitwa jina, anaandikwa kuwa yupo, na hajawahi kuingia mlangoni. Hajakataa neno hata moja. Chai yake hupoa mbele yake. Ni nani?

Umesema kiti. Nilijua utasema kiti. Nusu umepata. Kwa hiyo nusu iliyobaki nipe mji, na mji huohuo nitakupeleka.

Ni makao makuu ya nchi moja ambayo siitaji jina, maana jina lake lilikuwa likirefushwa kila mwaka kwenye sherehe, na nilipoondoka nilikuwa bado sijafika mwisho wake. Usiangalie pembeni. Si kwetu. Kwetu mambo hayo hakuna, na ukinisikia nashusha sauti ujue ni kifua tu kinanisumbua.

Nilikuwa mpika chai wa Baraza la Watu Wote. Juu ya mlango wake palikuwa na maandishi makubwa, HAKUNA ALIYEACHWA NJE, na chini ya maandishi walisimama askari sita wa kuzuia watu wasiingie. Ndani kila kundi lilikuwa na mjumbe wake. Vijana waliwakilishwa na mheshimiwa mmoja wa miaka sitini na moja. Aliteuliwa akiwa kijana kweli, kisha yeye na cheo wakazeeka pamoja. Wanawake waliwakilishwa na Bwana Pazia, kwa sababu mke wake ndiye aliyechaguliwa, ila siku ya kiapo alikuwa na nguo za kufua. Watu wenye ulemavu walipewa viti vya heshima, juu kabisa jukwaani, ngazi kumi na moja.

Mjumbe wa wasioona alikuwa Bi Siwema, mwanamke mfupi mwenye ulimi wa pilipili, ambaye kikao kizima alikuwa akisuka ukili mapajani. Ngazi zile alizipanda kwa fimbo, akizihesabu kwa sauti ili ukumbi wote usikie. "Tisa. Kumi. Kumi na moja. Heshima yenu imenivunja magoti, Mungu awalipe." Watu wa Wizara ya Dalili Njema wakaandika: mjumbe mwenye ulemavu ameshukuru.

Usicheke. Hiyo Wizara ya Dalili Njema ilikuwa kubwa kuliko ya afya na ya maji ukiziweka pamoja. Maofisa wake walizunguka nchi nzima na fomu wakitafuta dalili za maendeleo. Mtoto akicheka, dalili moja. Mbuzi akivuka barabara gari likamsubiri, dalili mbili. Wilaya iliyokosa dalili iliazima kwa jirani, na ikirudisha ilirudisha na nyongeza.

Baraza nalo lilikuwa na kanuni nyingi, lakini iliyotumika ni moja, Kanuni ya Tisa: mjumbe asiyesema hapana amesema ndiyo. Kwa miaka kumi na minne tangu itungwe hakuna aliyewahi kusema hapana. Mwenyekiti, Mheshimiwa Mpangala, alisoma hoja, akangoja kidogo kama mtu anayesikiliza maji yakichemka, halafu Karani akatamka, "Imekubaliwa," akaandika. Karani huyo aliitwa Bwana Mshangama. Mtu mwembamba, shati lake la mikono mirefu limefungwa vifungo mpaka kooni hata wakati wa joto. Nilimpelekea chai miaka yote ile na, ukiacha majina ya wajumbe, sikuwahi kusikia kinywani mwake neno jingine zaidi ya "imekubaliwa" na "yupo". Hata asante alitoa kwa kichwa.

*

Sasa sikiliza kosa lilivyotokea.

Katika nchi ile, neno la Mkuu likipigiwa makofi zaidi ya dakika moja lilikuwa sheria. Palikuwa na ofisa maalumu mwenye saa ya kupimia. Siku ya sherehe Mkuu akasimama, akatoa hotuba ya saa tatu juu ya uongozi unaomjumuisha kila mtu. Akataja wanawake, akataja vijana, wakulima, wafugaji, wasioona, wasiosikia, mapacha. Akaona makofi yanalegea. Basi akanyoosha mikono akapaza sauti: "Serikali yangu haimwachi mtu! Waliopo watashiriki, na wasiokuwepo pia watashiriki!"

Makofi yakapigwa dakika moja na nusu. Ofisa akabonyeza saa. Ikawa sheria.

Kesho yake Mwenyekiti Mpangala aliita kikao cha dharura. "Mjumbe wa wasiokuwepo tutampata wapi?"

"Kiti kipo," akasema mheshimiwa wa vijana. "Cha arobaini, karibu na Bi Siwema."

"Kiti sina shida nacho. Daftari linataka jina kamili na namba. Nikiweka jina la mtu aliye hai, si mtu asiyekuwepo. Nikiweka la marehemu, marehemu wana idara yao na watanishtaki."

"Basi tafuta ambaye hayuko huku wala hayuko kule," akasema Bwana Pazia, akacheka, kisha akaona hakuna anayecheka.

Mimi nilishika birika kwa mikono miwili. Kila mtu alijua wapo watu wa namna hiyo. Na kila mtu aliangalia upande mwingine, isipokuwa Bi Siwema, ambaye hakuwa na upande wa kuangalia.

Bwana Mshangama akainuka bila kusema kitu, akaenda chumba cha nyuma, kwenye kabati la bati la rangi ya kijivu ambalo ufunguo wake aliuvaa shingoni. Ndani ya kabati lile yalikuwemo majalada ya watu ambao serikali ilikuwa imeshatangaza kwamba hawajawahi kuzaliwa. Akachukua jalada la juu. Akafikiri, nadhani, kwamba mtu ambaye hakuzaliwa hana wa kumlalamikia.

Hapo ndipo alipokosea, maana mtu yule alikuwa na mama.

*

Mama yake anaitwa Nyamizi, lakini kule Mtaa wa Viwandani wote walimwita Mama Kalunde. Kalunde alikuwa mwanawe wa pekee, mhudumu wa zahanati, miaka ishirini na minne. Siku moja kwenye mkutano wa hadhara binti huyo alinyoosha mkono akauliza, "Haya mnayotuamulia, mbona hamtuulizi?" Maneno hayohayo leo yameandikwa kwa rangi ya dhahabu kwenye ukuta wa Baraza, bila jina la aliyeyasema. Wiki ile ile likaja gari jeupe lisilo na namba. Tangu hapo miaka tisa.

Mama akaenda ofisi ya kwanza, wakamwambia hawana habari. Ya pili, ukurasa wa kitabu cha vizazi ulikuwa umechanwa. Shuleni wakamwambia hawakuwahi kuwa na mwanafunzi wa jina hilo. Ofisi ya nne, kijana mmoja mpole, mwenye sauti nzuri, akamuuliza, "Mama, una uhakika ulizaa?"

Unajua msiba kwao ulivyo. Mtu akifa, watu wanakuja, mikeka inatandikwa, wanalala hapo, kisha siku inafika tanga linaanuliwa, mwenye msiba ananyoa, anaoga, anarudi kwa walio hai. Mama Kalunde hakuweka tanga kwa sababu hakuambiwa mtoto amekufa. Na hakuweza kukaa kama watu wengine kwa sababu hakuambiwa yu hai. Nywele zake miaka tisa hakuzinyoa wala hakuzisuka. Wali alipika kila Ijumaa wa watu wawili, akala wa mmoja. Alichotaka kilikuwa kidogo kuliko chochote ambacho serikali iliwahi kuombwa. Alitaka kujua mwanawe yuko wapi.

Ngoja nikutegee kingine hapa, tupumue. Nakitafuta usiku na mchana, na siku nikikipata nitalia kuliko siku zote nilizokikosa. Umeshindwa? Ni habari ya mtoto aliyepotea.

Basi Jumanne moja mama huyu alikuwa akipepeta mchele, redio imewashwa dirishani kwa jirani, vikao vya Baraza vinatangazwa moja kwa moja. Akamsikia Karani akiita majina. "Mheshimiwa Kalunde Lugembe." Kimya. Na kwa kuwa asiyesema kwamba hayupo, basi yupo, kwa Kanuni ya Tisa, Karani akatamka: "Yupo."

Ungo ukaanguka. Majirani wanasema mchele ule hakuuokota mpaka leo. Kuku ndio waliouokota.

*

Alifika getini akiwa na kanga moja tu mabegani.

"Unamtaka nani?" askari akamuuliza.

"Mheshimiwa Kalunde."

Askari akapitisha kidole kwenye orodha. "Yupo ndani. Ila yuko kikaoni, haruhusiwi kuonwa."

"Nitamngoja atoke."

"Shauri yako, mama. Lakini huyu…" askari akakuna kisogo, akashusha sauti, "mimi zamu yangu ni kuanzia asubuhi mpaka jioni. Sijawahi kumwona akitoka."

Jumanne tatu alingoja kwenye ukingo wa barabara. Mimi nilimpelekea kikombe, na ndivyo tulivyojuana. "Dada," akaniuliza siku ya kwanza, "wewe unayeingia humo, kiti chake umekiona?"

Nimwambie nini? Nilikiona kila wiki. Kwa sheria ya usawa kila mjumbe alipewa kikombe, hivyo nami nilimimina cha kiti cha arobaini, nikakiweka pale, kikapoa. Mwanzoni nilikikuta kimejaa. Baadaye nikawa nakikuta kimepungua kidole kimoja. Nilifikiri ni Bi Siwema, nikamuuliza kwa utani.

"Mimi sinywi ya sukari, unajua," akanijibu, mikono haijaacha ukili. "Muulize mwenye kikombe. Amekaa hapa, anapumua kama mtu aliyepanda mlima. Leo alikuwa akilia, lakini kilio cha chini chini, cha mtu asiyetaka kusumbua kikao."

Mto wa kiti kile ukawa unabonyea. Mwenyekiti akaamuru uondolewe, kiwekwe ubao mtupu. Ubao ukawa na joto. Nilipoufuta kwa kitambaa jioni nilihisi lile joto analoacha mtu aliyeinuka sasa hivi. Wizara ya Dalili Njema wakaja na kipimajoto, wakapima, wakaandika: mahudhurio ya kundi la wasiokuwepo yanaendelea kuimarika.

*

Kisha wakaja wageni wa kupima.

Hawa walitoka nchi za mbali, na walikuwa na vishikwambi vyao vya kuandikia alama za ujumuishi. Alama zikiwa nzuri, nchi husifiwa kwenye mkutano mkubwa na Mkuu hupewa sanamu ya kioo. Mwenyekiti alitaka kila kitu kionekane. "Nahitaji mwananchi wa kawaida, wa kumuuliza mjumbe wake swali. Mwanamke. Awe na umri. Asiwe amependeza sana."

Ofisa mmoja akasema yuko mama getini, wiki ya nne sasa, anamngoja mjumbe wake.

"Wiki ya nne!" Mwenyekiti akapiga meza kwa furaha. "Hiyo ndiyo dalili njema! Mleteni."

Wakamvalisha gauni la kitenge lenye picha ya Mkuu, wakampa karatasi yenye swali lililopigwa chapa. Akaingia. Aliponipita nilimwona anaangalia viti, kimoja kimoja, kama unavyotafuta mtoto wako watoto wanapotoka shule. Akapanda ngazi, akakifikia cha arobaini. Akasimama hapo. Wageni wakapiga picha.

"Wageni waheshimiwa," Mwenyekiti akaanza, "katika taifa letu lenye kujumuisha, lenye kushirikisha, lenye kukumbatia, mwananchi huuliza na Baraza hujibu. Karibu, mama yetu. Soma."

Mama Kalunde akaikunja karatasi mara mbili, akaiweka chini ya kile kikombe cha chai.

"Kusoma najua," akasema. "Lakini hili si langu. Mimi langu ni moja. Mnasema kila Jumanne mwanangu yupo. Yuko wapi?"

Mkalimani akawatafsiria wageni. Wageni wakaitikia kwa vichwa, wamependezwa.

"Swali zuri sana," akasema Mwenyekiti, na jasho lilimtoka nyuma ya masikio. "Ni swali la aina ya wapi. Maswali ya aina ya wapi yanahitaji utafiti. Yatajibiwa kwa maandishi, baada ya kamati kuundwa, na kamati ndogo ya kamati…"

"Mwenyekiti," akaingilia Bi Siwema, "mwache mama. Mwanangu, nisikilize mimi niliye hapa kando yako. Humu ndani hawajui kujibu wapi. Wanajua kujibu ndiyo tu, tena bila kufungua kinywa. Kanuni ya Tisa. Waulize ya ndiyo."

Mama Kalunde akafikiri kidogo. Akageuka kuutazama ukumbi.

"Mwanangu alichukuliwa na gari la serikali?"

Mheshimiwa wa vijana alitazama viatu vyake. Bwana Pazia alijifanya anatafuta kalamu. Mwenyekiti alifungua kinywa kusema hapana, akakumbuka kwamba ingekuwa hapana ya kwanza katika miaka kumi na minne, mbele ya wageni waliokwisha kuandika kwamba Baraza lina umoja wa asilimia mia moja. Akakifunga.

"Imekubaliwa," akasema Karani, na kuandika.

Wageni wakapiga makofi. Kwa jinsi mkalimani alivyowatafsiria, walidhani ni hoja ya maji.

"Aliwakosea nini? Aliuliza tu?"

Kimya.

"Imekubaliwa." Sauti ya Bwana Mshangama ilikuwa imekauka.

Mama akaushika ukingo wa ule ubao. "Yu hai?"

Ee mjukuu wangu. Kimya kile sijawahi kukisikia tena. Nilikuwa nimesimama na birika, na naapa mvuke ulisimama. Bi Siwema aliacha kusuka. Nilimwona anageuza uso kwenye kiti kitupu, kama mtu aliyeguswa mkono.

"Imekubaliwa," akanong'ona Karani.

Mama Kalunde akavuta pumzi ndefu, uso ukamchanua, nusu dakika tu, mpaka nikamwona kama alivyokuwa msichana. Lakini hakuwa mjinga. Akauliza tena, polepole.

"Amekufa?"

Hakuna aliyesema hapana. Hakuna.

Kalamu ya Karani ilikaa juu ya karatasi bila kuigusa. "Imekubaliwa," akasema, na safari hii hakuandika.

"Basi kwa sheria yenu mwanangu yu hai na amekufa," akasema mama. "Nami nikirudi nyumbani, wali nitakaopika niupike wa mgeni au wa msiba? Miaka tisa naupika wa vyote viwili. Nimechoka, baba zangu. Nimechoka, ndugu zangu. Sikuja kumshtaki mtu. Sitaki sanamu ya kioo. Mnipe mahali. Hata pakiwa pabaya, nitapafagia. Yuko wapi?"

Hilo nalo kimya hakikuweza kulijibu. Walijaribu. Walinyamaza kwa nguvu zao zote, kwa ustadi wa miaka kumi na minne, lakini kila waliponyamaza swali lilibaki palepale. Mgeni mmoja, mwanamke wa makamo, alikuwa ameacha kuandika. Kishikwambi chake alikigeuza kikatazama chini, akamwuliza mkalimani kitu, na mkalimani akakataa kumtafsiria.

"Askari!" akaita Mwenyekiti. "Karani, funga daftari. Kikao kimeahirishwa."

Askari wawili wakaanza kupanda ngazi. Bi Siwema akanyoosha fimbo yake ikakaa katikati ya njia, kwenye ngazi ya kumi na moja. "Pole pole, wanangu, hapa huvunja watu magoti." Mjumbe wa wasiosikia, ambaye kwa miaka yote ile hakuwahi kupewa mtu wa kumfasiria kwa mikono na hakujua hata siku moja kinachopitishwa, alikuwa amezisoma nyuso. Akainuka akasimama upande wa pili wa mama. Kisha mjumbe wa wafugaji. Hawakusema kitu. Walisimama tu, na askari wale hawakujua kama kusimama ni ndiyo au ni hapana, maana kanuni haikusema.

"Karani!" Mwenyekiti akarudia. "Nimesema funga daftari!"

Bwana Mshangama hakufunga. Alifungua kifungo cha shingoni, akatoa ule ufunguo, akauweka juu ya meza. Alipoinuka nilimwona ni mzee kuliko nilivyodhani. Akatoka kwenye meza yake ya ukarani, akapita katikati ya ukumbi, akapanda ngazi zote kumi na moja, na fimbo ya Bi Siwema ikamfungulia njia bila kuombwa. Akasimama mbele ya mama. Hakumtazama usoni, alitazama ule ubao.

"Mama Kalunde," akasema. Sauti yenyewe sikuijua, ilikuwa kama ya mtu mwingine aliyeazimwa. "Machimbo ya chokaa, njia ya zamani ya reli. Shimo la tatu ukihesabu kutoka barabarani. Wako kumi na mmoja. Yeye ni wa mwisho, upande jua linakochomoza, amelala ubavu wa kulia, na gauni lake la zahanati lilikuwa la buluu. Nayajua haya kwa sababu siku ile mimi ndiye niliyepelekwa kuandika majina."